Mama Lavonne, Mwaka Mmoja Tangu Tulipofungua Friji Yako

Mwaka umetimia, Mama, tangu Alhamisi ile ulipoanguka katikati ya rafu za stoo ya kanisa, na bado hatujaamini. Garland alitaka tuandike kama wanavyoandika wengine gazetini: picha yako, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kutuacha, maneno mawili matatu ya upole. Nikamwambia, haya, andika. Akakaa na kalamu saa nzima kisha akanirudishia karatasi nyeupe. Kwa hiyo naandika mimi, Twila, kifungua mimba wako. Nikikukaripia mbele za watu unisamehe, maana mwaka mzima nimekosa pa kukukaripia.

Kwa asiyekujua, kama yupo hapa Caney Bend, wewe ni Bi Lavonne Stidham, mjane wa Hobert aliyechimba makaa ya mawe, mama yetu sisi wawili. Miaka kumi na tisa ulisimamia stoo ya chakula iliyo chini ya kanisa letu. Kila Alhamisi saa nne asubuhi ulifungua mlango, na foleni ya magari huwa imeshafika darajani. Mara nyingi walikuwa watu wa nyumba mia tatu, na baada ya mgodi wa mwisho kufungwa wakazidi.

Ulijua tumbo la kila mtu. Asiyekuwa na meno ulimpa pichi za kopo. Anayelala garini ulimpa makopo yanayofunguka kwa kidole, asije akahangaika na kisu. Ulijua mtoto gani akila siagi ya karanga anavimba uso. Wakati mwingine ulipaza sauti kutoka mwisho wa chumba, "Huyo ana pacha, mwongezeeni maziwa, acheni uchoyo!"

Na wale walioshindwa kushuka garini kwa aibu, uliwafuata mwenyewe na boksi mikononi. Ulikuwa unagonga kioo. "Binti, fungua buti kabla kiuno changu hakijakatika." Basi mtu anacheka, anafungua, na aibu inampungua.

Nakumbuka bwana mmoja aliyeachishwa kazi mgodini. Alikuja mara ya kwanza na kofia mkononi, akaanza kujieleza: hajawahi kuomba, ni kwa ajili ya watoto tu, wiki ijayo mambo yatakaa sawa. Ulimkatiza. "Mwanangu, sijakuuliza historia. Nimekuuliza maharage. Mekundu au meupe?" Akasema mekundu. Ukampa ya aina zote mbili.

Huyo ndiye wewe tuliyemjua.

Siku ile Ndugu Wendell, anayeendesha lori la kutuletea chakula na kugawa pamoja nanyi, alinipigia simu nikiwa kazini Lexington. Akasema, "Twila, kaa chini." Nikasema, "Nimekaa, kuna nini?" Akasema, "Ni mama yako," kisha nikasikia analia, na mimi sijawahi kumsikia Wendell akilia. Gari la wagonjwa lilipofika ulikuwa umeshakwenda. Ulikuwa umeshika kopo, na Dada Imogene, mwenzako wa meza moja kwa miaka yote hiyo, ndiye aliyekutoa kopo vidoleni.

Hospitalini, daktari alitupeleka pembeni mimi na Garland. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yenu alikuwa anakula?"

Garland alicheka. Mungu amsamehe, alicheka. "Daktari, huyo ndiye anayelisha kaunti nzima."

Daktari hakucheka. Alisema moyo umesimama, ndiyo, lakini moyo haukuwa umebakiwa na kitu cha kufanyia kazi. "Huyu mama amekaa na njaa. Sisemi siku mbili tatu. Nasema miezi, na miezi mingi."

Nikamwambia amechanganya wagonjwa. Nilimwambia kwa ukali, watu wakageuka. Akanisomea karatasi: Lavonne Stidham, miaka sitini na nane, kilo arobaini. Kilo arobaini, Mama! Mtoto wa Garland wa darasa la sita anakuzidi. Lakini ulikuwa unavaa sweta tatu na koti la Baba juu yake, na sisi tukawa tunakutania kwamba umezeeka, unaogopa baridi.

Tulikwenda nyumbani kwako kuchukua gauni la bluu la kukuzikia. Garland alisikia kiu akaenda jikoni. Mimi nilikuwa chumbani natafuta viatu.

"Twila, njoo."

"Subiri, natafuta viatu."

"Njoo uone, nimesema!"

Alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi. Ndani mlikuwa na chupa ya haradali, nusu kitunguu kilichofungwa kwenye nailoni, na mtungi wa achari uliobaki maji matupu. Basi. Taa ilikuwa inawaka vizuri, na friji ilikuwa safi, umeipangusa kila kona. Kule kwenye barafu hamkuwa na kitu zaidi ya barafu.

Garland akaanza kufungua makabati, moja baada ya jingine, anayabamiza. Sahani. Vikombe. Chumvi. "Haiwezekani," anasema. "Haiwezekani!" Alipofika la mwisho akateleza kwa mgongo mpaka sakafuni, mwanamume wa miaka arobaini na nne mwenye ndevu, akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilifunga friji nikaifungua tena, kana kwamba nilikosea mara ya kwanza.

Jamani Mama, Krismasi si tulikuwa hapo hapo? Wiki sita tu kabla! Ulipiga simu ukasema, "Leteni nyama na viazi na unga, jiko niachieni mimi." Tukaleta. Ukapika siku nzima, unaimba. Tulipoketi ukawa unaizunguka meza kuongezea watu. Garland akakwambia, "Mama, kaa na wewe ule." Ukasema, "Nimeonja sana jikoni, nimeshiba hadi hapa," ukaonyesha shingoni. Tukaamini. Nani asingeamini?

Halafu ukachukua yale makopo matupu ya siagi unayoyatunza, ukatujazia mabaki yote, ukatupakilia garini. Mwanangu Kaylee akasema, "Bibi, bakiza hata hiki kipande cha pai." Ukamjibu, "Mimi na pai wapi na wapi, sukari itaniua." Ukasimama kibarazani ukatupungia mkono. Ile pai niliila njiani, Mama, kabla hatujafika barabara kuu. Niliila yote nikalamba vidole.

Na simu za Jumapili. Nilikuwa nakuuliza, "Umekula nini leo?" Siku zote, "Maharage na mkate wa mahindi." Nikakutania, "Wewe hujachoka na maharage?" Ukacheka. Hapakuwa na maharage wala mkate. Kulikuwa na wewe, na simu, na hiyo friji safi.

Msiba ulipotangazwa, wanawake wa Caney Bend wakafanya wanavyofanya siku zote: walileta chakula. Mapaja ya nguruwe matatu, makaroni na jibini, viazi vya kuoka, mayai yaliyojazwa haradali, keki sijui ngapi. Friji yako ilijaa mpaka ikakataa kufungwa, Garland akaweka kiti kuubana mlango. Mzee mmoja akaniambia, "Bi Lavonne angefurahi kuona meza hii." Nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye theluji, nikapiga kelele. Walidhani ni uchungu wa kawaida wa msiba, wakaniletea koti.

Usiku wa maziko Garland akaniambia, "Hili lisitoke humu ndani. Watu watasema tulimwacha mama afe njaa."

"Kwani hatukumwacha?"

Hata hivyo tukakubaliana kunyamaza. Miezi tisa tulinyamaza, Mama, tukawaambia watu ni moyo.

Sehemu moja nilikuja kuielewa. Baba alipofariki, nusu ya pensheni yake ilikwenda naye. Iliyobaki ikagawanywa kati ya gesi ya kupasha nyumba joto na dawa zako za moyo, na tumbo likawa la mwisho. Hiyo nimeielewa, ingawa ungetuambia tungeuza hata gari. Iliyonishinda ni hii: kila Alhamisi ulikuwa umezungukwa na chakula hadi darini. Kilipita mikononi mwako. Ulikuwa unakinyanyua!

Nikaanza kuomba ruhusa kazini kila Alhamisi, nikaja kushika nafasi yako. Siku ya kwanza nikamuuliza Imogene, "Hivi nyie mnaofanya kazi hapa, mnachukuaga nini?"

Imogene akanitazama kama nimetukana. Akanyoosha kidole juu ya mlango, kwa ndani. Kipande cha boksi, mwandiko wako: ANAYEGAWA HACHUKUI.

Akanisimulia. Miaka kumi na moja iliyopita, wiki ya Pasaka, ilivuma kwamba wanawake wa stoo wanajitengea mapaja makubwa ya nguruwe, wenye foleni wanapewa madogo. Haikuwa kweli hata kidogo. Lakini ulilia siku mbili, na siku ya tatu ukachukua boksi na kalamu nene. Tangu siku hiyo, kati yenu hakuna aliyetoka na kitu. Hata tufaa lililobonyea, Imogene alisema kwa fahari, lilipelekwa kwa nguruwe wa jirani. "Mama yako alikuwa mtu safi," akaniambia. "Hakuna mdomo Caney Bend ungeweza kumsema."

Nguruwe, Mama. Nguruwe walikula, wewe hukula.

Halafu nikaipata kadi yako. Nilikuwa napanga kadi za familia kwenye lile sanduku la bati, nikafika herufi S, na hiyo hapo. Umeijaza mwenyewe kwa mwandiko wako mzuri wa shule ya Jumapili. Jina: Lavonne Stidham. Watu nyumbani: mmoja. Je, mwezi huu umewahi kulala bila kula? Ndiyo. Tarehe ilikuwa ya miezi kumi na minne kabla ya kifo chako. Kila kitu kimejazwa isipokuwa sehemu moja ya chini, saini ya mgawaji wa pili, ambayo bila hiyo mtu hapewi chakula. Ilikuwa wazi.

Nilikaa juu ya kreti la maziwa nikaitazama kadi ile mpaka Wendell akaja kuniuliza kama naumwa. Saini moja tu. Imogene alikuwa kushoto kwako, mkono wake ungeufikia bila kunyoosha wako. Uliwaambia watu elfu wasione aibu, uliwagongea vioo vya magari. Wewe nani angekugongea?

Mwezi wa Novemba niliwaambia wagawaji wote saba kwamba boksi lile la juu ya mlango lishuke. Garland alikuwepo, alikuja kukaza rafu iliyolegea. Imogene akawaka.

"Usiliguse! Hilo ni la mama yako!"

"Najua ni la nani, Dada Imogene."

"Basi liheshimu! Mwaka haujaisha unataka kumvunjia kazi yake? Watu watasema nini? Watasema wameanza tena, Bi Lavonne amekufa, sasa wanakula!"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema huko Lexington nimejifunza mambo ya ajabu. Nikafungua mdomo kuwajibu, nami nilikuwa nimekasirika, sijui ningesema nini. Lakini Garland alishuka kwenye ngazi. Huyu huyu aliyesema lisitoke. Akavua kofia.

"Mama yetu alikuwa na njaa," akasema. "Ndiyo iliyomuua. Daktari alituambia. Nyumbani kwake hamkuwa na chakula, tulifungua friji tukaona kwa macho yetu, tukawaficha. Mimi ndiye niliyemwambia Twila afiche."

Imogene akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Akasema, "Lavonne?" Kisha akasema tena, "Lavonne wetu?"

Mimi nilipanda ngazi nikalishusha boksi, na safari hii hakuna aliyenizuia.

Alhamisi iliyofuata nilifika mapema nikapanga maboksi saba mezani, moja kwa kila mgawaji, kabla ya mlango kufunguliwa. Nyama, maziwa, mkate, mayai, maharage, kila kitu wanachopewa wengine. Walipoingia walijipanga ukutani wakaanza kuangalia viatu vyao. Nje magari yanapiga honi. Dakika zinakwenda. Hakuna anayesogea.

Nikasema, "Mlango haufunguliwi mpaka haya yatoke mezani."

"Basi watu watakaa barabarani mpaka Pasaka," Imogene akasema. Wendell akacheka kidogo.

Tukangoja. Mwishowe Imogene akajivuta kwenda mezani, kidevu juu, ana koti lake na mkoba mkononi. "Nitachukua maziwa tu," akasema. "Ya paka."

"Chukua, Dada Imogene. Ya paka."

Akafungua boksi. Akatazama ndani. Mkono ukaenda kwenye maziwa, ukayaacha, ukachukua mkate. Akachana ile nailoni kwa meno, akatoa kipande, akakiuma, mkavu hivyo hivyo, amesimama. Akamaliza. Akatoa cha pili. Mama, alikuwa anakula huku mkono mwingine umefunika mdomo, na mkoba umeanguka hakuuokota.

Nikamsogelea nikamuuliza polepole, "Dada Imogene, mara ya mwisho umekula lini?"

Akameza kwanza. Akasema, "Jumanne."

Kisha yule aliyenisema mambo ya Lexington akatoka ukutani, akachukua boksi lake bila kuinua macho. Kisha Wendell. Wendell, mwenye mwili ule! Kisha mmoja zaidi. Waliobaki watatu walichukua kwa ajili ya kuwasindikiza tu, nadhani, walinirudishia baadaye. Lakini wanne walikuwa na njaa ya kweli. Wanne kati ya saba, Mama, na wewe ungekuwa wa tano. Mlisimama meza moja, viwiko vinagusana, mnapeana makopo, mnacheka, mnalisha kaunti nzima, na kila mmoja alikuwa anawaficha wenzake kitu kile kile.

Imogene alinisogelea baadaye, magari yamekwisha. Akaniambia kuna Alhamisi moja, miezi mingi kabla hujafa, ulimgeukia ukasema, "Imogene, hebu..." ukaishia hapo. Akakuuliza, "Hebu nini?" Ukasema, "Basi, nimesahau." Anasema na yeye siku hiyo alikuwa hajala, na kwamba ungemaliza ile sentensi, angekwambia, "Hata mimi."

Tunaokukumbuka: mimi binti yako Twila na mume wangu Dwayne; mwanao Garland na mkewe Shelby; wajukuu zako Kaylee, Tucker na Jolene; mdogo wako Odessa kule Ohio; shemeji zako wote wa ukoo wa Stidham; na Imogene, ambaye siku hizi anakula Jumapili kwa Garland, na akisema ameshiba hatumwamini mpaka tuione sahani.

Ulale, Mama. Sisi kukusahau hatuwezi, leo wala siku yoyote tutakayoketi kula.